Soba hausi, methadoni au buprenofini: ipi inamfaa ndugu yako anayetaka kuacha unga

Kwenye familia nyingi za pwani hii mada inaibuka usiku, watu wazima wamekaa, mmoja anasema apelekwe soba (nyumba ya kukaa mtu aache unga bila dawa), mwingine kasikia kuna methadoni ya bure hospitali, wa tatu anakataa katakata anasema hiyo si ndo unga wa serikali, na mwenyewe anayejadiliwa yuko chumbani anasikia kila neno. Nimeandika hii kwa ajili ya watu waliokwama hapo, na kwa anayetumia mwenyewe pia kama anasoma. Naongelea unga tu yaani heroini, iwe ya kuvuta kwenye kokteli (sigara iliyochanganywa na bangi), ya foili au ya kujidunga. Pombe, bangi na mirungi zina njia zake nyingine ubongoni na methadoni na buprenofini hazijatengenezwa kwa ajili yake, kwahiyo usizichanganye.

Kwanza ubongo wenyewe

Ubongo una dawa yake ya maumivu unayoitengeneza wenyewe, inaitwa endofini. Inafanya kazi kwa kukaa kwenye vipokezi maalum, na hivi vipokezi wewe vichukulie kama siti za daladala. Unga ukiingia mwilini unabadilika kuwa mofini, mofini inakaa kwenye siti zile zile za endofini ila inakuja kwa wingi ambao endofini haijawahi kuwa nao, seli zinazozuia dopamini isimwagike ovyo zinanyamazishwa na dopamini inapanda. Watu wanaiita dopamini kemikali ya raha lakini kazi yake kubwa ni kuufundisha ubongo, hiki kikumbuke, hiki kitafute tena. Ndo maana mtu anakumbuka zaidi ya unga wenyewe, anakumbuka kichochoro, karatasi ya foili, sauti ya mshkaji fulani, hata saa ya siku ambayo alikuwa anapata kete yake, na miezi kadhaa baadae akikutana na kimoja kati ya hivyo hamu inamrudia kabla hata hajawaza chochote.

Jambo la pili ni kwamba ubongo unazoea. Kuna seli za noradrenalini kwenye shina la ubongo ambazo unga unazituliza kila siku, nazo zinajiongezea nguvu kufidia, sasa siku unga ukikatika zinabaki na ile nguvu yote bila kitu cha kuzituliza, na hiyo ndo arosto: miayo isiyoisha, machozi na kamasi, vinyweleo kusimama, kuharisha, mifupa kuuma, usiku kulala hakuna. Inaanza saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, siku ya 2 na ya 3 ndo kilele, na kwa wengi inatulia ndani ya wiki moja hivi.

Familia nyingi zinaona arosto ikiisha basi kijana kapona. Hapana jamani. Mwili umetulia, lakini ule mfumo wa dopamini bado uko chini, chakula hakina ladha, mpira hauvutii, usingizi wa mang'amung'amu, na hali hii inaweza kukaa wiki na miezi. Ukimwona amekaa tu hacheki usimwite mvivu, ubongo wake bado unajipanga upya na hiyo kazi inachukua muda.

Na kitu kimoja nakuomba ukishike maana ndo kinazitofautisha hizi njia zote. Shida ya unga siyo tu kwamba kuna kemikali imekaa kwenye siti. Shida kubwa ni ile kupanda kwa kasi na kushuka kwa kasi, mara 3 au 4 kila siku, mtu analewa anashuka anaarosto anatafuta hela, analewa tena. Kila mzunguko unayakaza yale mafunzo ya dopamini. Kitu chochote kinachovunja huo mzunguko kinaupa ubongo nafasi, na swali linabaki unauvunja kwa njia gani na ni nani anaweza kuivumilia hiyo njia.

Vigezo

Nitaangalia mambo matano kwa kila njia: inafanya nini ubongoni, arosto inakuwaje, hatari ya kufa iko wapi, maisha ya kila siku na gharama, alafu inamfaa nani. Hatari ya kufa nimeipa uzito kuliko vingine vyote kwa sababu mtu aliye hai anaweza kujaribu tena mwakani.

SOBA HAUSI (kuacha kabisa bila dawa)

*Ubongoni:* Siti zinaachwa wazi, endofini ya asili irudi taratibu yenyewe. Hakuna kemikali ya kusaidia, kinachofanya kazi ni muda na mazingira. Na mazingira siyo kitu kidogo. Wanajeshi wengi wa Marekani walikuwa wanatumia heroini Vietnam mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali yao ikaogopa kwamba wakirudi itakuwa balaa, mtafiti Lee Robins akawafuatilia na akakuta wengi wa wale waliokuwa na uraibu kule hawakurudia uraibu walipofika kwao. Walikuwa wameondoka kwenye kila kitu ambacho ubongo ulikifunga pamoja na heroini. Soba nzuri inafanya kitu cha namna hiyo hiyo: inakutoa maskani, inakupa ratiba, vikao, hatua 12 (mpango wa vikundi vya walioacha), watu walioacha kabla yako wanaokuelewa bila maelezo marefu.

Lakini wale wanajeshi walirudi nyumbani *mbali* na Vietnam. Kijana wetu akitoka soba anarudi mtaa ule ule, kichochoro kile kile.

*Arosto:* Nyumba nyingi mtu anaipitia kavu kavu, pengine anapewa za maumivu, za kuharisha na maji mengi. Haiui mara nyingi kwa mtu mwenye afya ila kuharisha na kutapika kukizidi mtu anaishiwa maji, hapo hospitali na siyo maombi peke yake.

*Hatari:* Hapa nataka nikae kidogo. Hatari ya soba haiko ndani, iko siku anatoka. Mwili umeshasahau unga, siti ziko wazi zote na ule uvumilivu (mwili kuhimili dozi kubwa) umepotea, yeye kichwani anakumbuka kipimo chake cha zamani, akirudia kile kile pumzi inasimama. Watafiti wa Uingereza walifuatilia wagonjwa 137 waliolazwa kusafishwa mwili na kuchapisha kwenye jarida la BMJ mwaka 2003, waliokufa kwa kuzidisha dozi ndani ya miezi 4 walikuwa 3, na wote 3 walikuwa kwenye lile kundi la watu 37 *waliomaliza* programu vizuri. Wale walioishia njiani, ambao miili yao ilikuwa bado imezoea, hakuna aliyekufa kwa njia hiyo kipindi hicho. Hii haina maana soba ni mbaya. Ina maana familia inayompokea mtu siku ya kutoka inampokea akiwa kwenye kipindi cha hatari kuliko vyote, na mtu aliyetoka jela yuko hivyo hivyo.

*Maisha na gharama:* Nyingi ni za kulipia kila mwezi, kukaa ni kama miezi 3 mpaka 6, kazi inasimama. Ubora unatofautiana sana. Kabla hujalipa nenda mwenyewe ukaone, uliza arosto inasimamiwa na nani, kuna muuguzi au daktari anayekuja, mwenye dawa za VVU au TB anaendelea nazo? Kuna mtu kafungwa mnyororo au anapigwa? Ukiona hivyo ondoka na ndugu yako, mnyororo hauponyeshi seli hata moja ya ubongo, na hofu yenyewe inamsukuma mtu kutafuta unga.

*Inamfaa nani:* Aliyetumia muda mfupi, mwenye hiari yake mwenyewe, mwenye pa kwenda tofauti akitoka. Pia aliyekwisha jiimarisha kwa dawa akapunguza mpaka sifuri na anataka sehemu ya kushikilia.

METHADONI

*Ubongoni:* Inakaa kwenye siti zile zile kabisa, kwahiyo yule wa tatu wa mwanzo anayesema ni unga wa serikali hajakosea kikemia. Tofauti ni mwendo. Unga unapanda siti na kushuka ndani ya masaa, methadoni ikinywewa inaingia taratibu na inakaa siti safari nzima, zaidi ya siku. Ule mpando na mshuko unapotea. Mtu aliyefikia dozi yake halewi, anaongea vizuri, anafanya kazi, na akijaribu kuvuta unga juu yake hausikii sana maana siti zimejaa na mwili umezoea. Hili wazo ni la madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York, walilichapisha mwaka 1965, na tangu 2005 methadoni na buprenofini zote ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

*Arosto:* Inaondoka ndani ya siku za mwanzo ila siyo siku ya kwanza yote. Wanaanza chini, miligramu 20 mpaka 30 hivi, wanapandisha pole pole, wengi wanatulia kati ya 60 na 120. Wiki za mwanzo mtu bado analalamika haijamtosha, na hapo ndo wengi wanachepuka wakaongeze mtaani. Msaidieni avumilie hizo wiki.

*Hatari:* Iko mwanzoni, wiki 2 za kwanza, kwa sababu dawa inajilimbikiza mwilini, dozi ya leo inaikuta ya jana bado ipo. Ukichanganya na pombe au vidonge vya usingizi kama Valium, pumzi inaweza kusimama usingizini. Pia inagusa mapigo ya moyo kwa baadhi ya watu wenye dozi kubwa. Lakini ukiangalia kwa ujumla inaokoa: uchambuzi uliotoka BMJ mwaka 2017 ukikusanya tafiti za nchi mbalimbali ulikuta vifo 11.3 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka wakiwa ndani ya methadoni, na 36.1 wakiwa wametoka. Mara tatu zaidi! Kwahiyo yule ndugu anayemshinikiza mtu aache methadoni haraka "awe msafi kabisa" inabidi aijue hiyo hesabu.

Kingine cha kwetu hasa ni TB. Rifampisini, moja ya dawa za TB, inaifanya ini iimalize methadoni haraka, mtu anaanza dawa za TB ghafla anaarosto na watu wanasema anadanganya. Hadanganyi, dozi inabidi ipandishwe. Efavirenzi ya VVU nayo ilikuwa inafanya hivyo ila wengi sasa wako kwenye dolutegravir ambayo haigombani nayo kwa kiasi hicho. Kila kliniki unayoenda wataje dawa zote unazomeza.

*Maisha na gharama:* Kliniki za serikali ni bure. Tanzania ilianzia Muhimbili Februari 2011 ikasambaa mikoa mingine, Zanzibar iko Kidongo Chekundu, Kenya ilianza Mathari Nairobi Desemba 2014 ikafuata Malindi na sehemu nyingine za pwani. Gharama halisi ni nauli na muda, kwa sababu kwa kawaida unakunywa pale pale kila siku. Mtu anafika dirishani anatambuliwa, muuguzi anapima dawa ya maji kwenye kikombe kidogo cha plastiki, anakunywa mbele yake, anaongea maneno mawili matatu ionekane kameza, anaondoka. Jumapili hivyo hivyo, sikukuu hivyo hivyo. Kwa mvuvi anayelala baharini au dereva wa masafa ni mtihani mkubwa. Ramadhani uliza mapema saa za dozi zikoje. Ukikosa siku 3 mfululizo usitegemee kupewa dozi ile ile, wataishusha maana mwili umeanza kusahau, na hiyo ni kwa usalama wako wala siyo adhabu. Usumbufu mwingine ni choo kigumu na jasho jingi.

*Inamfaa nani:* Aliyetumia miaka mingi, anayejidunga, aliyeshajaribu soba akarudia zaidi ya mara moja, mwenye VVU, TB au homa ya ini anayehitaji ratiba ya kumshikilia. Mjamzito pia. Mjamzito asikatishe ghafla, mtoto anaweza kuzaliwa na arosto lakini hospitali inaitibu.

BUPRENOFINI

*Ubongoni:* Hii ina tabia mbili za ajabu. Inang'ang'ania siti kuliko unga, ikiingia inamwinua aliyekaa na inakaa yenyewe. Ila inakaa nusu nusu, inaamsha kipokezi kwa kiasi tu, na ikifika kikomo hata ukiongeza dozi athari yake kwenye pumzi haiendelei kupanda kama ya unga au methadoni.

*Arosto:* Kwa sababu inainua unga kwa nguvu alafu yenyewe inakaa nusu, ukiitumia ukiwa bado una unga mwilini inakuletea arosto ya ghafla mbaya kuliko ya kawaida. Lazima usubiri arosto ianze yenyewe, yale masaa 6 mpaka 12 au zaidi, kama unatokea methadoni ni zaidi ya siku. Watu wengi wanaoikataa wanasema "ilinitesa", na ukiwasikiliza vizuri walianza mapema.

*Hatari:* Ndogo kuliko methadoni kwenye pumzi kwa sababu ya kile kikomo, ila pombe na vidonge vya usingizi bado vinaua. Kwenye ule uchambuzi wa 2017 vifo vilikuwa 4.3 kwa watu 1,000 ndani ya matibabu na 9.5 nje. Usilinganishe moja kwa moja na namba za methadoni, wagonjwa wa makundi haya mawili hawakuwa sawa, ila mwelekeo ni ule ule, ndani ni salama kuliko nje.

*Maisha na gharama:* Kidonge kinawekwa chini ya ulimi mpaka kiyeyuke chote, dakika 5 mpaka 10 bila kumeza wala kuongea, ukikimeza hakifanyi kazi vizuri. Baadhi ya nchi mtu anapewa cha kwenda nacho nyumbani, ipo na sindano ya mwezi. Kwetu ni adimu, usipange safari kabla hujauliza kliniki kama ipo. Tafiti pia zinaonyesha watu wanabaki kwenye matibabu zaidi wakiwa kwenye methadoni kuliko hii, hasa kama buprenofini inatolewa kwa dozi ndogo.

*Inamfaa nani:* Mwenye kazi au familia asiyeweza kufika dirishani kila siku (pale inaporuhusiwa kuondoka nayo), mwenye shida ya moyo, aliyetumia kiasi kisicho kikubwa sana, mjamzito pia inamfaa.

NALTREKSONI, kwa kifupi

Hii inaziba siti bila kuamsha chochote, ukivuta unga hupati kitu. Arosto haitibu, tena lazima uwe safi siku 7 mpaka 10 kabla ya kuanza la sivyo inakulipulia arosto kubwa, na hapo ndo wengi wanaanguka: utafiti mmoja wa Marekani wa 2018 ulikuta zaidi ya robo ya waliopangiwa sindano yake hawakufanikiwa hata kuanza, ukilinganisha na 6 tu kwa kila 100 wa buprenofini. Hatari ni ile ile ya soba, ukiacha dawa uvumilivu haupo. Haina dirisha la kila siku, ila kwetu kuipata na kuilipia ni kazi. Inamfaa mtu mwenye msimamo mkubwa na msimamizi nyumbani, au ambaye kazi yake hairuhusu methadoni kabisa.

Sasa kwa hali yako

Kama anajidunga sasa hivi na mmeshazika rafiki zake, msisubiri kujadili falsafa, mpelekeni kliniki ya methadoni wiki hii. Soba inaweza kuja baadae.

Kama ni kijana wa miaka 19, ana miezi michache kwenye kokteli na mwenyewe anataka kutoka, soba yenye muuguzi inaweza kutosha, lakini pangeni leo atakaa wapi akitoka. Shangazi aliye mji mwingine ana thamani kubwa hapo kuliko mwezi mmoja wa ziada ndani.

Kama ameshatoka soba mara mbili tatu akarudia, msimpeleke ya nne kwa hasira. Kurudia kunamaanisha ubongo wake unahitaji siti zishikiliwe kwa muda, na hilo dawa inafanya vizuri kuliko ukuta.

Kama yuko kwenye methadoni mwaka na zaidi, anafanya kazi na anataka kuacha, haki yake. Inapunguzwa kidogo kidogo kwa miezi na kaunsela pembeni, akiona hamu inarudi anapanda tena bila kuchekwa. Kama hataki kuacha pia sawa, kuna watu wanakaa miaka na wanalea watoto vizuri kabisa.

Kama kliniki iko mbali na nauli inawashinda, ongeeni na kliniki kwanza, pia kuna asasi zinazofanya kazi na watumiaji ambazo zinajua njia za msaada. Tanzania unaweza kupiga 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Kenya 1192 ya NACADA.

Na njia yoyote mtakayochagua, uliza kliniki kuhusu naloksoni. Ni dawa inayoung'oa unga kwenye siti ndani ya dakika chache na kurudisha pumzi, lakini inaisha mapema kuliko unga na methadoni, kwahiyo mtu akizinduka bado anapelekwa hospitali. Ukimkuta ndugu kalala midomo imebadilika rangi, anakoroma kwa shida au haamki, usimmwagie maji wala kumpa maziwa, mpulizie pumzi mdomoni, akianza kupumua mwenyewe mlaze kwa ubavu, na mtu mwingine aite gari.